Mtu mwenye usonji akifika getini: maelekezo kwa walinzi wenzangu

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kazi ya ulinzi hapa Mombasa, na kitinda mimba wetu nyumbani, mdogo wangu, ana usonji. Alipokuwa mdogo watu walimwona mtoto mwenye vituko vyake, wakamchekea. Alipoota ndevu ndipo walipoanza kumwogopa. Sasa ni mwanamume mrefu, mwenye mabega, na hakuna anachokipenda duniani kama namba za magari. Akifika mahali pa kuegesha atapita gari moja baada ya jingine, ainame, apitishe kidole juu ya kibati, asome kwa sauti, kisha ahamie linalofuata.

Jiweke wewe kwenye zamu ya jioni. Umekabidhiwa magari ya wateja, na unamwona mtu usiyemjua anainama nyuma ya kila gari akilipapasa. Utafikiri kile ulichofundishwa kufikiri, na sikulaumu. Lakini kwetu sisi, kutoka hapo mpaka mtu kupigwa hadharani ni suala la dakika tu. Anayesimama katikati ya dakika hizo ni wewe, mlinzi, kabla ya polisi na kabla ya daktari.

Usonji ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua na kufanya kazi, na mtu huzaliwa nao. Si mashetani, si malezi mabaya, si bangi, wala hauambukizi. Haukuandikwa usoni. Kuna wenye usonji wasiosema neno, na kuna waliosoma hadi chuo kikuu wakaajiriwa ofisini, ila kelele na msongamano ukizidi ulimi unafunga. Kwa hiyo usitafute sura ya usonji. Tazama mwenendo.

Dalili zilezile, maana nyingine

Kwenye mafunzo tunaambiwa tumshuku mtu anayekwepa macho, asiyejibu salamu, anayerandaranda mahali pamoja, ambaye mikono yake haitulii, au aliyevaa sweta na kofia yake katika joto la Februari. Sasa msome tena mtu huyo. Anakwepa macho kwa sababu kukutazama machoni kunamchosha na kunamvuruga asikusikie. Anarandaranda, anajitikisa au anapepeta vidole kwa sababu ndivyo anavyojituliza. Sweta ni lile alilozoea; mguso wake mwilini unampa amani, na nguo nyingine inamkereketa kama upupu.

Salamu ndiyo inayotuponza zaidi sisi watu wa pwani. Umemsalimu, hakujibu, tayari umeshamhesabu kuwa ana kiburi au ana neno moyoni. Ndugu yangu hajibu "habari" ya mtu asiyemjua. Si dharau. Swali halina jibu moja, naye hajui ulitaka lipi.

Halafu kuna kurudia maneno. Unamuuliza, "Jina lako nani?" Anasema, "Jina lako nani." Unadhani anakuchezea. Wengi wenye usonji hurudisha maneno waliyoyasikia wakati bado wanayatafutia maana, au kwa sababu ndiyo njia pekee waliyo nayo ya kuonesha kwamba wamesikia. Hapa pana hatari kubwa: ukimbana kwa swali la "Wewe ndiye uliyechukua, sivyo?", anaweza kujibu "ndiyo" ili umwachie tu. Usiite hilo kukiri. Tafuta kitu chenyewe kilichopotea, tazama kamera, muulize mwenye duka. Neno alilolitoa akiwa amezungukwa halina uzito huo.

Nani basi ana usonji na nani ni mwizi? Huna haja ya kujua. Wewe si daktari, na hakuna anayekutaka umpime mtu getini. Ukiona mambo mawili matatu ya namna hii kwa pamoja, fanya kama ninavyoeleza hapa chini. Kama ni mwizi kweli, hakuna ulichopoteza: bado yuko mbele yako, na bado unamwona.

Kwanza punguza

Punguza sauti, punguza watu, punguza mikono. Tulifundishwa kinyume chake: paza sauti, ita wenzako, shika. Kwa mtu mwenye usonji kila kimoja kati ya hivyo humsukuma kwenye hofu, na hofu humfanya akimbie, apige, au aanguke chini.

Simama mbali kiasi cha hatua tatu, kwa pembeni kidogo, usimzibe njia ya kutokea. Mikono yako ionekane. Kirungu kirudi kiunoni au mpe mwenzako. Teremsha sauti ya redio ya mkononi, kwa maana ule mkwaruzo wake unamchoma masikio kuliko unavyofikiri. Kama mpo wanne, mmoja tu ndiye aseme. Mbwa akae mbali.

Ukisema, sema sentensi fupi, na sema unachotaka afanye. "Usikimbie" inamwachia neno moja tu kichwani, nalo ni "kimbia". Sema "Simama hapa." Sema "Njoo kivulini." Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno, kwake ni swali jipya, na anaanza upya kulifikiria.

Acha mafumbo. Sisi walinzi tuna lugha yetu ya geti: "Unaniletea za kuleta", "Utakiona cha mtema kuni", "Hebu jipange". Yeye huchukua neno lilivyo. Nilimshuhudia mlinzi akimwambia kijana, kwa ukali, "Unataka nikupeleke polisi?" Kijana akasema "Ndiyo", akaenda zake kusimama kando ya gari la doria, akisubiri apelekwe. Watu waliona jeuri. Mimi niliona mtu aliyeulizwa swali akalijibu. "Ngoja kidogo" nayo ni mtihani, kwa kuwa kidogo haina mwisho. Mwambie: "Kaa kwenye kiti hiki. Dada yako anakuja. Akifika mtaondoka."

Wengine husoma au hutazama picha vizuri kuliko wanavyosikia. Andika kwenye kipande cha karatasi au kwenye simu: MIMI NI MLINZI. UKO SALAMA. TUNAMPIGIA MAMA. Ndugu yangu akiona maandishi hutulia hata kabla hajamaliza kuyasoma.

Kumkagua mlangoni

Tangu shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 wakauawa, ni nadra kuona mlango wa duka kubwa nchini usio na ukaguzi. Sitaki ukaguzi uachwe. Nataka ufanywe kwa namna ambayo mtu huyu ataivumilia.

Ile mashine ya mkono inayolia ina mambo mawili anayoyachukia: mlio wa ghafla, na kitu cha mtu baki karibu na ngozi. Mwoneshe kwanza. Ipitishe kwenye mkono wako mwenyewe iache ilie, ili mlio usimjie kwa kushtukiza. Kama amekuja na mama yake, mkague mama kwanza yeye akiona. Halafu mwambie kila hatua kabla hujaifanya: "Sasa mkono huu. Sasa mgongo. Basi, tumemaliza." Mwache atoe vitu mfukoni mwenyewe. Ikibidi kumgusa, mguso uwe thabiti na mfupi, maana kugusa kwa kupapasapapasa ndiko kunakomsumbua zaidi. Na usimguse kutokea nyuma hata siku moja.

Atakuwa ameshika kitu: kizibo cha soda, kamba, gari la plastiki, jani. Usimnyang'anye. Kiangalie kikiwa mkononi mwake. Kama lazima kipite kwenye mashine, mwoneshe kinakoingia na kinakotokea, na awe wa kwanza kukipokea. Vivyo hivyo hedifoni alizozivaa kuziba kelele. Mtu akizivaa hajakudharau.

Kitambulisho kina tabu yake. Sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016 ilipotungwa ilimpa mlinzi ruhusa ya kuandika kitambulisho cha anayeingia na hata kukishikilia kwa muda. Lakini kwa mtu aliyefundishwa nyumbani kwamba kitambulisho hakitoki mfukoni, kukiacha kwenye kisanduku chako ni kama umemwambia aache mguu. Ruhusa si lazima. Andika namba, mrudishie hapohapo.

Walio kwenye hoteli za Nyali, Diani na uwanja wa ndege watakutana na wageni waliovaa mkanda wa shingoni wa kijani wenye maua ya alizeti. Desturi hiyo ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016. Maana yake ni kwamba aliyeuvaa ana ulemavu usioonekana kwa macho na anahitaji subira zaidi. Usimuulize ni ulemavu gani. Muulize, "Nikusaidie vipi?"

Akizidiwa

Inafika hatua mtu anazidiwa: kelele, mwanga, joto, watu, mabadiliko ya ghafla. Atalia, atapiga kichwa, atajiuma mkono, atajitupa chini. Usidhani ni deko. Mtoto anayedeka huchungulia kama unamtazama, na akipata anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hataki kitu kwako, na hawezi kujizuia kwa kuamriwa.

Nikupe mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Ilikuwa supamaketi, jioni ya Ramadhani, foleni zimefurika, na wauza juisi wameweka spika karibu na wanaolipa. Binti wa miaka kama kumi na miwili alijilaza sakafuni ameziba masikio, anapiga visigino. Mama yake, katika buibui, anaambiwa na watu wazima kabisa amchape. Mlinzi aliyekuwa zamu hakumgusa binti. Alienda kwanza kwenye spika, akawaomba waizime. Kisha akavuta matoroli mawili akayalaza kukinga njia, akawaelekeza watu foleni nyingine. Akamuuliza mama kwa sauti ya chini, "Mama, nini humtuliza?" Mama akasema, "Giza na kunyamaza." Akavua koti lake la sare, akampa mama amfunike binti kichwa. Baada ya hapo alichuchumaa mbali, mgongo kwa binti, uso kwa watu, hakusema tena. Ilichukua kama robo saa. Binti akanyanyuka mwenyewe, mama akalipa, wakaondoka. Mlinzi huyo hakuwa amesoma kozi yoyote ya usonji. Aliondoa kilichoumiza, akampa mtu nafasi.

Ondoa vyenye ncha na chupa. Kama anapiga kichwa sakafuni, tia kitu laini chini, usimkamate kichwa. Akitulia atakuwa hoi. Si wakati wa maswali.

Kumshika kuwe kwa sababu moja tu: anakaribia kuingia barabarani, majini, au kumuumiza mtu. Hata hapo ni kwa sekunde zinazohitajika, kisha unaachia. Hili nalisema kwa sauti kubwa: usimlaze kifudifudi. Usimwekee goti mgongoni wala mkono shingoni. Mtu aliyelazwa tumbo chini huku amekaliwa anaweza kukosa pumzi akafa, na anavyofurukuta kutafuta hewa wewe unadhani anakaidi, unazidi kukandamiza. Wenye usonji wengi pia wana kifafa, kwa hiyo mtu anayetetemeka chini huenda yuko kwenye degedege, hapigani nawe. Mlaze ubavu, tazama saa, na zikipita dakika tano ita gari la wagonjwa. Pingu na gesi ya pilipili havimfundishi kitu.

Umati

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa maana ndipo maisha yanapopotea. Mtu amegusa pikipiki isiyo yake. Ameingia ua wa jirani kufuata mlio wa pampu. Ameokota andazi kwenye meza ya mama ntilie akaanza kula. Mmoja anapiga ukelele, "Mwizi!" Wenye usonji wengi wakisikia ukelele hukimbia, na kukimbia ndiko kunakompa kila mpita njia ruhusa ya kuokota jiwe.

Ukisikia neno hilo eneo lako, mwili wako uwe kati ya watu na yeye. Mgongo wako kwake, uso wako kwao. Sauti kubwa, ile uliyoizuia mwanzo, itoe sasa, lakini uielekeze kwa umati: "Huyu yuko mikononi mwa walinzi. Hakuna aliyeumia. Rudini nyuma." Usiseme "mshukiwa", usiseme "tutachunguza kama ameiba", kwa kuwa umati hausikii sentensi nzima. Mwenzako amchukue taratibu kuelekea ndani ya geti. Kibandani mlango ubaki wazi, asijione amefungiwa.

Tafuta mtu mzima anayeheshimika pale, mzee wa mtaa, mama mwenye kibanda, imamu, dereva wa siku nyingi wa matatu, umwombe akusaidie: "Mzee wangu, naomba uwasogeze vijana hawa." Ukimpa mzee kazi hiyo mbele ya watu, vijana watatii kwa kumstahi, nawe umepata mlinzi wa pili. Andazi lina mwenyewe. Lipa shilingi zake ikibidi, ndugu za huyo aliyelila watakurudishia. Wanaopiga video waambie waweke simu chini. Mtu huyo ana mama, na mama huyo ataiona.

Msikilize anayemjua

Julai 2016, North Miami, Florida, mlezi aitwaye Charles Kinsey alimfuata barabarani mwanamume mwenye usonji aliyetoka kwenye nyumba ya matunzo. Mwanamume huyo alikuwa ameketi lami akichezea gari dogo la kuchezea. Mtu alikuwa amepiga simu polisi kusema kuna mwenye bunduki. Kinsey alilala chali, mikono juu, akiwaambia polisi kwamba kile ni kichezeo na kwamba yeye ni mlezi. Akapigwa risasi mguuni. Tarehe 30 Mei 2020, mji mkongwe wa Jerusalem, Eyad al-Hallaq, Mpalestina mwenye usonji wa miaka 32, alikuwa njiani kwenda kwenye kituo chake cha mafunzo. Polisi walimwita, akaogopa, akakimbia, akajificha penye taka. Mlezi wake alikuwa pale akipaza sauti kwamba ni mlemavu. Aliuawa. Hakuwa na silaha.

Kote kuwili, mtu anayejua alikuwepo na alisema. Basi akitokea mtu, hata mtoto mdogo, hata mfanyakazi wa ndani, akasema "Huyu ni wetu, ana usonji", mpokee kama mwenye ufunguo. Muulize mambo matatu: anaelewa maneno gani, anaogopa nini, nini humtuliza. Fuata anachokuambia. Kama amekuja peke yake, angalia kama ana bangili, kadi shingoni, au kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Mwombe akuoneshe, usijitilie mkono mfukoni mwake.

Akipotea

Ukiambiwa kuna mtoto au mtu mwenye usonji amepotea eneo lako, tuma mtu kwenye maji kwanza. Wengi wao huvutwa na maji, na kuzama ndiko kunakowaua zaidi wakitoroka. Mji wetu umezungukwa na maji: kivuko cha Likoni, hori ya Tudor, mabwawa ya hoteli, visima, matangi. Baada ya maji tazama barabara. Kisha uliza anapenda nini. Mpenda treni nenda relini. Ndugu yangu mimi ningemtafuta kwenye magari.

Kutangaza jina lake kwenye kipaza sauti hakusaidii sana, huenda asiitikie. Ukimwona ukingoni, usimkimbilie. Tembea, mpite kwa upande wa maji, kisha umwite kwa kile anachokipenda. Kwa mtoto asiyejulikana kwao, namba ya bure ya simu ya watoto ni 116.

Ukiita polisi, na ukiandika

Sentensi yako ya kwanza kwenye simu ndiyo itakayoamua askari watashuka garini vipi. Usianze na "Kuna mtu anafanya fujo." Sema: "Kuna mtu tunayedhani ana usonji, hana silaha, amepotea na ameogopa. Tafadhali msipige king'ora mkifika karibu." Wakifika, nenda uwapokee wewe kabla hawajamfikia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Basi "chizi", "zuzu" na "punguani" visitoke kinywani wala visiingie kwenye kitabu. Andika ulichokiona, si ulichokihukumu, namna hii:

"Saa kumi na moja na robo jioni. Mwanamume, miaka kama 25, alikuwa akigusa vibati vya namba za magari. Hakujibu maswali, alirudia maneno. Hakuna gari lililoharibiwa wala kitu kilichochukuliwa. Alipewa kiti na maji. Dada yake alipigiwa, akafika saa kumi na mbili kasoro tano. Hutulia akiandikiwa. Hapendi redio."

Sentensi mbili za mwisho ndizo muhimu kuliko zote kwa anayekupokea zamu, kwa sababu magari bado yapo, na kijana huyo atarudi kuyasoma. Msomee mwenzako kabla hujampa funguo, na namba ya simu ya dada iandike ukutani ndani ya kibanda.